Ndege Iliyoshuka Lubbock

Mlango wa ndege ulipofunguka, watu waliong'ang'ania uzio wa uwanja mdogo wa ndege wa Toledo walinyamaza wote kwa pamoja. Walikuwa wamesimama kwenye theluji ya Januari tangu asubuhi, shingo zimefungwa skafu za kijani za klabu yao ya mpira wa Kimarekani, Wapuliza Kioo, wakipokezana chupa ya kahawa. Walikuwa na hakika. Wengi wao walikuwa wameifuata ndege ya mwenye klabu kwenye simu zao tangu iliporuka alfajiri kuelekea kusini, mpaka ilipogeuka kurudi. Nani mwingine angefuatwa na ndege ile kama si Buck Hargrove, kocha mkongwe ambaye mji mzima ulikuwa ukimwomba Mungu amlete?

Akashuka mtu wasiyemjua.

Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, amevaa suti nyepesi ya kijivu kama mtu anayekwenda harusini mwezi wa Julai. Hakuwa na koti wala kofia. Upepo wa ziwani ulimpiga kifuani akarudi nyuma ngazi moja, akajikaza, akashuka.

"Nani huyo?" aliuliza mzee mmoja, pua imemwiva kwa baridi. "Mhasibu?"

"Tulia, Bernard. Hargrove yuko ndani anavaa viatu."

Rubani akafunga mlango. Hargrove hakuwemo.

"Ilona!" Bernard aligeuka. "Umetutoa kitandani tuje kumpokea karani?"

Ilona Szabados alitamani theluji immeze. Kweli yeye ndiye aliyewaita. Mchana alikaa ofisini akipanga safari za malori ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Jioni alipiga simu kwenye kipindi cha mpira cha redio ya mji, na mji mzima ulimjua kwa jina la Ilona wa Mtaa wa Consaul. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, sauti nene kidogo, nywele nyekundu ambazo hazikukubali kukaa ndani ya kofia yoyote, na maoni kuhusu kila kocha na kila kijana wa chuo aliyewahi kurusha mpira. Jana yake usiku alikuwa ametangaza hewani, "Kesho Hargrove anatua. Leteni watoto wamwone."

Watu walitawanyika wakinung'unika. Ilona alikuwa akikung'uta theluji kwenye kioo cha gari lake aliposikia sauti nyuma yake.

"Samahani, dada. Gari lililokuja kunichukua limeenda uwanja wa Detroit. Wapi naweza kununua koti kabla sijafa?"

Alimtazama. Meno yalikuwa yakimgongana, lakini macho yalikuwa yakicheka.

"Ingia," alisema Ilona. "Angalau mtu mmoja afaidike na asubuhi hii."

Njiani aliwasha joto la gari mpaka mwisho, na hasira yake nayo ikapanda.

"Wewe ni wa klabu?"

"Nimekuja kwa usaili."

"Wa uhasibu?"

"Mambo ya kupangapanga."

"Basi ukiwaona wakubwa, wafikishie ujumbe. Waambie Hargrove tunamtaka, lakini yule kijana anayesemekana atamleta naye asimamie mashambulizi, huyo Royce Tackett, abaki huko huko."

"Kwa nini? Kafanya nini?"

"Kafanya nini! Hukuona mchezo wao wa mwisho? Wamebakiza yadi mbili wafunge. Yadi mbili, bwana! Anaagiza mpira urushwe, unadakwa na adui, mchezo umekwisha. Bibi yangu ana magoti mabovu, lakini yadi mbili angekimbia nazo."

Mgeni alikohoa. "Labda mstari wake wa mbele ulikuwa umechoka."

"Labda yeye ndiye aliyechoka. Mimi nimesema hewani: mtu yule usimwachie hata chungu cha maharage akisimamie."

"Ulisema hivyo? Hewani?"

"Mara mbili."

Duka la karibu lilikuwa la vifaa vya wawindaji. Koti pekee lililomtosha mabegani lilikuwa la rangi ya chungwa linalowaka, lile la kuvaa porini ili mwenzako asidhani wewe ni kulungu. Alilivaa juu ya suti yake ya harusi, akajigeuza mbele ya kioo. Ilona alicheka mpaka akashika kaunta.

"Sasa hata wa Detroit watakuona."

Muuzaji aliirudisha kadi ya mgeni. "Asante sana, Bwana Tackett. Karibu tena."

Kicheko cha Ilona kilikatika. Picha alizowahi kuona za Royce Tackett zilikuwa na ndevu nyingi. Huyu alikuwa amenyoa. Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakawaka kuliko lile koti.

"Bibi yako," alisema Royce kwa upole, "bado yuko hai? Nina yadi mbili ningependa anisaidie."

Hargrove, ilikuja kujulikana, alikuwa ameingia mjini tangu jana yake, kwa gari, akiwa amelala kiti cha nyuma. Ndege ilikuwa imekwenda kumchukua msaidizi wake, Royce.

*

Royce alipata kazi. Wiki hiyo hiyo alipata pia namba ya simu ya Ilona, kwa kisingizio cha kutaka kumwomba radhi bibi yake.

Walianza kukutana Jumapili mchana kwenye mkahawa wa soseji za Kihangaria karibu na nyumba ya Ilona. Yeye alivaa sweta la kijani. Royce alivaa lile koti lake mpaka wahudumu wakamzoea, wakamwita Chungwa. Waliagiza soseji zilizomwagiwa maharage ya pilipili, na kabla hazijafika, vichupa vya chumvi na pilipili vilikuwa vimeshapangwa mezani kama wachezaji.

Klabu ilikuwa haina kwotabeki. Bila mtu huyo, anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, timu nzima ni mwili usio na kichwa. Na mwezi wa Aprili, siku ya uteuzi, klabu zingechagua kwa zamu vijana waliomaliza vyuo. Mji uligawanyika. Wengine walimtaka Brennan Oakes, kijana wa Indiana. Ilona alikuwa wa Teo Faleafa, kwotabeki wa chuo kimoja cha Lubbock, kule Texas, na alikuwa wake kwa roho yote.

"Faleafa anarusha yadi sitini akiwa amesimama kwa mguu mmoja," alisema, akisukuma chupa ya chumvi.

"Na huyo Oakes?"

"Oakes anacheza kama anayejaza fomu ya benki. Hakosei, lakini nani anakwenda uwanjani kuona fomu?"

"Ukizingirwa na majitu manne, utapenda mtu wa fomu."

"Aa! Kwa hiyo mnamtaka Oakes!"

Royce alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. "Sijasema kitu. Usinisome."

"Nyusi zako zimesema."

"Nitazinyoa."

Chini ya utani huo palikuwa na jambo zito, na wote wawili walilijua. Siku moja Royce aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Ilona, akasema bila kucheka, "Mpenzi, neno langu moja likitoka kwenye redio, sina kazi. Hargrove hatauliza mara mbili."

"Ninachokisikia kwako hakitoki," alisema Ilona. "Ninachokiona kwa macho yangu ni changu."

"Haya. Hiyo ni haki."

Na Ilona alilishika neno lake. Jioni nyingi mwendeshaji wa kipindi, Denny Radke, alimchokonoa hewani: "Ilona, tunasikia unakula soseji na mtu mkubwa. Tupe siri!" Naye alijibu, "Siri ni pilipili, Denny. Wanazidisha." Mji ulicheka. Hakuna aliyejua ilivyomgharimu kunyamaza, maana tangu utotoni, akisikiliza mpira na marehemu baba yake kwenye karakana ya nyuma ya nyumba, ndoto yake ilikuwa moja tu: kukaa upande wa pili wa ile simu, kwenye kiti, mbele ya maikrofoni.

Mwishoni mwa Machi, Royce alimpigia simu jioni. Sauti yake ilikuwa fupi.

"Kesho nasafiri. Siku mbili tatu."

"Kwenda wapi, kipenzi?"

"Nyumbani. Kuna jambo kidogo."

"Jambo gani? Mama hajambo?"

"Nikirudi nitakueleza. Siwezi kulisema sasa hivi, Ilona, nitavunjika. Nakupenda."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Ilona alilala nalo, na kwa sababu ya neno hilo hakuyasikia vizuri yale yaliyolitangulia.

*

Kesho yake, kazini, alifungua simu kuangalia ndege kama alivyofanya kila siku. Ndege ya mwenye klabu ilikuwa angani, imeshavuka Missouri, inaelekea kusini magharibi. Aliacha malori yake yajipange yenyewe. Alikaa akitazama kile kialama kidogo cha manjano kikitambaa juu ya Oklahoma, kikiingia Texas.

Lubbock.

Faleafa!

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Sasa alielewa kwa nini Royce alikuwa na sauti ile. Nyumbani kwao Royce kulikuwa Clovis, mji mdogo ng'ambo tu ya mpaka wa Texas, katika New Mexico, si mbali na Lubbock. Lakini nani anapelekwa nyumbani kwa ndege ya tajiri? "Jambo kidogo la nyumbani" kilikuwa kifuniko tu. Maskini, alilazimika kumdanganya. Ilona hakumkasirikia hata kidogo, alimwonea huruma. Kisha akajiuliza kama ana haki ya kusema, akaona anayo. Hakuna alichoambiwa. Ndege ilikuwa wazi kwa kila mwenye simu. Alichokiona kwa macho yake kilikuwa chake.

Akapiga redio.

"Denny, keti chini."

"Nimekaa, Ilona."

"Ndege ya klabu inashuka Lubbock muda si mrefu. Wanakwenda kwa Teo Faleafa. Usiniulize nimejuaje, fungua simu yako uione."

Upande wa pili Denny alipiga yowe. Habari ilikimbia kuliko ndege. Kabla magurudumu hayajagusa ardhi, vijana wa chuo cha Faleafa walikuwa wamejazana kwenye lango la uwanja wa Lubbock na ngoma zao, waandishi na kamera zao, wanawake na mabango, TUTUNZIENI TEO, wengine wamelala juu ya boneti za magari.

Jioni hiyo hiyo Paulette Voss, meneja wa redio, alimpigia Ilona mwenyewe. "Mtoto, umeupasua mji. Jioni ya uteuzi nakutaka studio, pembeni ya Denny. Ukikaa vizuri, kiti ni chako, kipindi chako mwenyewe, kuanzia Mei. Unasikia?"

Ilona alisikia. Alilia jikoni kwao, ameegemea jokofu, akitamani baba yake angekuwepo. Simu ilipolia tena alijua ni Royce, akaipokea akicheka na machozi.

"Mpenzi! Hutaamini—"

"Ni wewe?"

"Nini?"

"Redioni. Ni wewe uliyewaita?"

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa imechoka, kama ya mtu anayeongea akiwa ameegemea ukuta.

"Royce, hukuniambia kitu. Niliiona mwenyewe. Najua ulilazimika kunificha habari ya Faleafa, sijakasirika—"

"Faleafa." Alilirudia jina kama hajawahi kulisikia. "Ilona, mama yangu amepasuliwa leo. Clovis walishindwa, wakamleta hospitali ya Lubbock. Hargrove alimwomba tajiri, tajiri akanipa ndege niwahi kumwona kabla hajaingia. Nilikaa ndani ya ndege kwenye lami, nimefungiwa, polisi wakijaribu kufungua njia, watu wakipiga ngoma langoni. Nilipofika hospitali alikuwa ameshaingizwa."

Ilona aliishika simu kwa mikono miwili.

"Alikuwa ameniulizia. Muuguzi ameniambia. Alikuwa akiuliza, 'Mwanangu keshafika?'"

"Royce. Mungu wangu. Yuko... amepona?"

"Bado hajaamka. Nilikwambia nakwenda nyumbani. Ukaiona Lubbock, ukamwona kijana wa kurusha mpira. Mama yangu hukumwona."

"Sikujua!"

"Ulijua anakaa wapi. Ulijua nilivyoongea. Ulikuwa na kila kitu mkononi, Ilona, ukachagua unachokipenda."

Simu ilikatika. Alipopiga, haikupokelewa. Alipiga usiku, akapiga asubuhi, akaandika ujumbe na kuufuta, akauandika tena. Kazini malori mawili yakaenda mji mmoja, na mji mwingine ukakosa chumvi. Kila aliyemwona mtaani alimpigapiga begani: "Lubbock! Hongera, dada!" Na kila hongera ilimwingia kama kisu.

*

Siku ya nne simu ilipokelewa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya polepole.

"Royce kaenda kutafuta kahawa. Wewe ni nani?"

Ilona alikaribia kukata. "Mama... naitwa Ilona."

"Ahaa. Ni wewe wa ndege."

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Nimepiga kuomba msamaha. Sina cha kujitetea. Nilitaka iwe Faleafa, basi nikaona Faleafa. Mwanao angekuwa pale umshike mkono, na mimi ndiye niliyemzuia. Samahani sana, mama."

Mashine fulani ililia taratibu upande wa pili.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Vizuri, maana mshono unaniuma nikisikiliza sana. Sikiliza, binti. Nilimtaka mwanangu, sikumpata, na nilikuwa naogopa. Hilo sitakuficha. Umeniudhi." Nadine Tackett alivuta pumzi. "Lakini nimeamka. Na huyo Faleafa wako... nimemtazama miaka mitatu, uwanja wake uko hapa hapa. Mkono wa mwanajeshi, akili ya bata. Ulimpendea nini?"

Ilona alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio.

"Usilie. Nina neno moja. Royce anasema wewe unaongea redioni."

"Mara nyingine, mama."

"Mimi naimba kwaya kanisani Clovis, na wale wanawake ni dada zangu. Nimewaambia nimekwenda Amarillo kwa binamu yangu. Hawajui habari ya uvimbe wala kisu. Nataka niwaambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu na nimejipaka rangi ya mdomo. Wasije wakasikia kwenye mambo ya mpira. Nimekuomba."

"Sitasema, mama. Naahidi."

"Mpaka nikwambie."

"Mpaka uniambie."

Royce alirudi Toledo, lakini hakurudi mkahawani. Ilona alimwona mara moja tu, kupitia kioo cha duka la dawa, ameshika mfuko, amekonda. Aliinua mkono. Royce alimtazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa, akapita. Hakuwa amemchukia; Ilona aliona hilo. Alikuwa mtu asiyejua tena aweke wapi mguu.

*

Jioni ya uteuzi, Ilona alivaa gauni la kijani kibichi lenye mikono mirefu na hereni za kioo alizoachiwa na bibi yake upande wa baba. Kiti cha studio kilikuwa cha ngozi, kinazunguka. Alikaa juu yake kwa woga, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake kanisani.

Kwa saa nzima aliongea vizuri kuliko alivyowahi kuongea. Klabu zilizotangulia kwa zamu zilichagua wadakaji na walinzi, naye alimweleza kila mmoja: huyu ana mabega, huyu ana nyonga nzito, huyu mtamwona baada ya miaka miwili. Nyuma ya kioo Paulette Voss alikuwa akitabasamu. Kisha ikafika zamu ya Wapuliza Kioo. Faleafa alikuwa bado hajachukuliwa.

"Mji mzima umeshika pumzi," alisema Denny. "Ilona, jina ni nani?"

"Tusikilize," alisema Ilona.

Likatajwa: Brennan Oakes.

Taa za simu ziliwaka zote kwa mpigo. Denny aligeuka kwenye kiti chake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameuzia watu habari ya Lubbock mwezi mzima.

"Bernard, uko hewani."

"Huyo mwanamke alitusimamisha kwenye theluji kumpokea karani! Sasa tena! Muulize Lubbock kulikuwa na nini? Ndege ilikwenda kununua soseji?"

"Swali zuri. Tunakwenda kwenye matangazo, tukirudi Ilona atatujibu."

Taa nyekundu ikazimika. Paulette akaingia, akainama karibu na sikio lake.

"Unajua kitu. Nimekuona usoni jina lilipotajwa. Hukushangaa."

"Nilijua nilikosea, Paulette."

"Kukosea hakuuzi matangazo. Ndege ilikwenda Lubbock kufanya nini? Ukiwa na sababu, umepona, na kiti ni chako usiku huu huu. Usipokuwa nayo, wewe ni kichekesho cha mji, na mimi siwezi kukupa kipindi. Fikiri vizuri, mtoto."

Mlango ukafungwa. Ilona alitazama maikrofoni. Sentensi moja ilitosha. Kocha mmoja alikuwa akimkimbilia mama yake mgonjwa. Nani asingemsamehe Ilona kosa kama hilo? Denny angelia hewani. Wasikilizaji wangempenda kuliko walivyowahi kumpenda.

Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Royce.

*Nipo chumba cha makocha, redio imewashwa, nawasikia wanavyokurarua. Sema ukweli. Hargrove yuko hapa kando yangu, ameruhusu. Mama naye atakuelewa. Usizame kwa ajili yetu. Nimechoka kukukasirikia, Ilona, sikuweza hata ile siku ya duka la dawa. Kesho nitakuja kwako asubuhi, kama utanifungulia.*

Aliusoma ujumbe mara mbili, mkono mmoja juu ya mdomo. Sasa angeweza. Alikuwa ameruhusiwa. Haraka akatafuta namba ya Nadine, aliyopewa naye siku ile ya hospitali, akapiga. Iliita. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kwaya; ikiwa Nadine alikuwa na nguvu, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, katikati ya dada zake, simu ndani ya mkoba. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika tena.

Denny aliinua vidole viwili: muda unakwisha.

Ilona alimwandikia Royce: *Nitakufungulia. Lakini sikukuahidi wewe. Nilimwahidi mama yako, na bado hajaniambia.*

Akaigeuza simu kifudifudi. Taa nyekundu ikawaka.

"Tumerudi," alisema Denny. "Ilona wa Mtaa wa Consaul. Mwezi mzima umetuambia Lubbock ni Faleafa. Leo tumeona. Haya, mama, tueleze: ndege ilikwenda kufanya nini kule?"

Nyuma ya kioo Paulette alikuwa amesimama, mikono kifuani. Ilona alisogea karibu na maikrofoni mpaka akasikia pumzi yake mwenyewe masikioni.

"Nilikosea, Denny. Niliona ndege nikadhani nimeona kila kitu. Nilimtaka Faleafa, nikasema klabu inamtaka. Watu waliumia kwa sababu ya maneno yangu, na nawaomba radhi."

"Watu gani?"

"Wanajijua."

"Na ndege? Ilikwenda kufanya nini?"

"Hilo si langu kulisema."

"Kwa hiyo unajua!"

"Si langu, Denny."

Denny alicheka kicheko cha redioni, kikubwa, kisicho na furaha. "Mabibi na mabwana, ndiyo hivyo. Hana kitu."

Nyuma ya kioo Paulette alitikisa kichwa taratibu, akageuka, akazima taa ya chumba chake. Ilona aliivua hedifoni, akailaza mezani polepole ili isigonge hewani, akainuka kutoka kwenye kile kiti. Denny alikuwa ameshampokea msikilizaji mwingine.